Sista Floralba na chumba cha upasuaji cha Kikwit

Hotuba kwa wauguzi, wakunga na wanafunzi wa uuguzi mjini Goma, katika sherehe za siku ya wauguzi

Tumsifu Yezu Kristu.

Karibuni nyote: wauguzi, wakunga, wanafunzi, masista mliotoka vituo vya afya vya upande wa Sake na wa Rutshuru. Karibuni zaidi nyinyi mama na baba mnaosafisha wodi, kufua mashuka na kuchoma taka, kwa sababu nusu ya maneno ya leo yanawahusu nyinyi kuliko madaktari.

Kila tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, jina linalotajwa ni la Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa. Hatuna ugomvi naye. Ila kwetu Kongo tarehe hiyo imebanwa kati ya misiba miwili. Tarehe 11 Mei 1995 alifariki Sista Danielangela Sorti, na tarehe 14, siku ya Bwana, akamfuata Sista Dinarosa Belleri. Wote walikuwa wauguzi wa eneo la Kikwit, mji wa mkoa wa Kwilu magharibi mwa nchi, na wote waliuawa na Ebola. Sista Clarangela Ghilardi, mkunga, alikuwa ametangulia tarehe 6. Sista Annelvira Ossoli alifariki tarehe 23 na Sista Vitarosa Zorza tarehe 28. Wa kwanza kabisa, ambaye ndiye tutakayekaa naye leo, ni Sista Floralba Rondi, aliyefia Mosango tarehe 25 Aprili. Watawa sita wa shirika moja, katika muda usiotimia wiki tano.

Maisha yake ya utotoni tutayapitia haraka. Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1924 huko Pedrengo, katika eneo la Bergamo, kaskazini mwa Italia. Aliingia shirika la Masista wa Maskini, lililoanzishwa Bergamo mwaka 1869 na padri Luigi Maria Palazzolo, yule aliyetangazwa mtakatifu mwezi Mei 2022. Alisomea uuguzi, akafika Kongo mwaka 1952. Alipofariki alikuwa na umri wa miaka 70, na 43 kati ya hiyo alikuwa ameitumikia katika nchi hii, Kikwit na Mosango. Hesabu wenyewe yaliyopita humo: uhuru, maasi ya Mulele yaliyowaka Kwilu mwaka 1964, kisha Zaire, ambayo mwisho wake ulikuta hospitali kubwa ya mji kama Kikwit haina maji ya bomba, haina umeme wa kutegemea, na glavu zinahesabiwa.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha upasuaji, bloku kama tunavyosema kazini. Watu wengi wanaomsifu hawajawahi kuingia humo, kwa hiyo wanasifu kitu wasichokijua. Tuingie.

Tumbo likishafunguliwa, daktari ana jambo moja la kuangalia, lakini muuguzi anayempa vyombo ana mambo kumi. Anatoa koleo na kupokea koleo, na kila kinachorudi mkononi mwake kimelowa. Vitambaa vya tumbo vinaingia vyeupe, vinatoka vyekundu, navyo lazima vihesabiwe kabla tumbo halijafungwa na tena baada ya kufungwa, kwa sababu kitambaa kimoja kilichosahauliwa ndani humrudisha mgonjwa mezani akiwa na usaha. Vinahesabiwa kwa kufunguliwa kimoja kimoja, kwa mkono. Umeme ukikatika, mashine ya kufyonza inanyamaza, basi damu inachotwa kwa vitambaa hivyo hivyo na kukamuliwa kwenye beseni. Sindano ya kushonea imepinda, na hutoboa glavu bila mwenye mkono kusikia chochote. Mgonjwa akishatolewa, mwenye kisu amekwenda kuandika ripoti yake, muuguzi bado yumo. Anakusanya mashuka, anamwaga beseni, anasugua vyombo kwa brashi. Hapo kwenye brashi ndipo penye hatari ambayo wengi hawaifikirii, maana nyuzi za brashi hurusha matone madogo usawa wa uso, naye ameshavua barakoa kwa kuwa upasuaji umekwisha.

Sasa twende kwenye Juma Kuu la mwaka 1995. Fundi wa maabara wa hospitali alikuwa na homa na kuhara damu. Wote waliomwona walifikiri typhoid imetoboa utumbo, na katika Kwilu ya miaka ile hilo lilikuwa wazo la busara. Alipasuliwa tarehe 10 na tarehe 11 Aprili, yaani Jumatatu na Jumanne kabla ya Pasaka. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Sista Floralba alikuwa miongoni mwa waliohudumu. Kuanzia tarehe 14, Ijumaa Kuu, wahudumu wa hospitali wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa mmoja alihamishiwa Mosango, yapata kilomita 120 upande wa magharibi, na kufikia tarehe 20 hivi waliomuuguza kule nao walikuwa na homa.

Msome tarehe hizi kama mnavyosoma chati ya joto. Virusi vya Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili. Kuanzia upasuaji wa kwanza hadi kifo cha Sista Floralba ni siku 15. Kuanzia kifo chake hadi cha Sista Danielangela, aliyetoka Tumikia kuja kumuuguza, ni siku 16. Kuanzia kifo cha Danielangela hadi cha Annelvira, mkuu wa kanda aliyekuja kukaa na wagonjwa wake, ni siku 12. Virusi vilipita kutoka kwa anayeuguzwa kwenda kwa anayemuuguza, kitanda hadi kitanda. Havikuruka hewani. Vilipitia matapishi, damu, choo, jasho la mgonjwa aliye mahututi, na maiti iliyooshwa kwa heshima zote bila kinga.

Je, walijua? Hapa ndipo tunapokataa mahubiri mengine tuliyozoea. Inasemwa Sista Floralba alikiona kifo akakikubali kwa hiari. Si kweli, na haimjengei heshima. Jina la Ebola lilikuja tarehe 9 Mei, damu ya wagonjwa 14 ilipofika Atlanta, Marekani, baada ya kupitia Ubelgiji, nayo yote 14 ikakutwa na kirusi. Siku hiyo Sista Floralba alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Watu walikuwa wakizungumza juu ya typhoid na kuhara damu. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi aliyewahi kufika Yambuku kwenye mlipuko wa Ebola wa mwaka 1976, ndiye aliyewaza Ebola alipowaona wagonjwa. Sista Floralba, yule mama mzee, hakufanya ushujaa wowote Jumatatu ile. Alikwenda kazini. Alifanya kitu kile kile alichokifanya kwa miaka zaidi ya arobaini, kwa vifaa vile vile vichache, kwa mgonjwa ambaye siku nyingine angekuwa mwingine. Ujasiri wa kujua hatari na kubaki ulikuwa wa wale waliofuata, hasa waliokwenda vitandani mwezi Mei, na hao wana haki ya kusifiwa kwa hilo. Ila tusichanganye.

Kanisa lenyewe halikuchanganya. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha maamuzi juu ya masista hao sita, na kilichotambuliwa ni fadhila walizoziishi kwa kiwango cha kishujaa. Hawakutangazwa mashahidi kama Mwenyeheri wetu Anuarite, mtawa Mkongo aliyeuawa. Kilichochunguzwa ni miaka yao yote: zamu za usiku, hesabu ya vitambaa, uvumilivu kwa wagonjwa wakorofi na kwa wenzao wakorofi zaidi.

Jumla ya waliougua Kikwit ilifika 315, na wanane katika kila kumi walikufa. Wahudumu wa afya walikuwa 80. Yaani kila wagonjwa wanne, mmoja wao alikuwa mtu wa kazi yetu. Katikati ya Mei zilifika glavu, magauni, barakoa, buti na watu wa kufundisha matumizi yake, na maambukizi ya wahudumu yakaanguka mara moja. Mlipuko ulitangazwa umekwisha tarehe 24 Agosti. Dawa haikuwepo, chanjo haikuwepo. Kilichobadilika hospitalini kilikuwa mpira, kitambaa, klorini na utaratibu. Vitu ambavyo bei yake ni ndogo kuliko jeneza.

Mtauliza Kikwit, iliyo kilomita elfu na zaidi kutoka hapa, inahusu nini Goma. Inahusu sana. Mlipuko ulipokuwa unaelekea mwisho, Profesa Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba wakapona. Wataalamu walibishana, wakisema huenda hao saba wangepona tu, na hoja yao ilikuwa na uzito kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini wazo lilibaki. Mwaka 2006 ilichukuliwa damu ya mtu aliyeugua Kikwit mwaka 1995 na kupona. Humo zikapatikana chembe za kinga zilizozaa dawa ya Ebanga. Dawa hiyo ilijaribiwa hapa kwetu Kivu Kaskazini, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kati ya 2018 na 2019, pamoja na nyingine tatu, kwa wagonjwa 681. Waliopewa Ebanga walikufa asilimia 35 hivi. Waliopewa ile ya kulinganishia, asilimia 50 hivi. Mgonjwa huipata mara moja tu, kwa mshipa, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito. Na chanjo ya Ervebo, ile ya mililita moja mliyochomwa wengi wenu begani, imebeba kipande cha ganda la kirusi cha Kikwit cha mwaka ule ule.

Wakazi wa mitaa yetu ya Majengo na Kahembe wana jambo la ziada. Chanjo ya pili iliyoletwa kwenu kuanzia Novemba 2019, ile ya dozi mbili, dozi yake ya kwanza inatumia kipande cha kirusi kilichopewa jina la Mayinga. Mayinga N'Seka alikuwa muuguzi kijana wa Kinshasa, aliyeambukizwa mwaka 1976 baada ya kumhudumia mtawa aliyeletwa kutoka Yambuku. Kwa hiyo mikononi mwa watu wa Goma wamo Kikwit na Yambuku pamoja.

Mnakumbuka Julai 2019. Tarehe 14 alithibitishwa mgonjwa wa kwanza mjini hapa, aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Mji wa watu zaidi ya milioni, uwanja wa ndege, bandari, Petite Barrière, kituo cha mpakani ambako maelfu walikuwa wakivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kila asubuhi. Dunia ilishika kichwa. Wakapatikana wagonjwa wanne, basi. Katika mlipuko wote wa Kivu Kaskazini na Ituri walihesabiwa wagonjwa 3,470, na wahudumu wa afya walikuwa 171, yaani asilimia 5. Kikwit ilikuwa asilimia 25. Tofauti hiyo imetokana na chanjo, ndiyo, na pia na zile ndoo zenye bomba zilizokuwa kila mlango, ambazo sasa nyingi zimegeuzwa za kuhifadhia unga.

Basi tuzungumze juu ya ndoo.

Klorini tunaitumia kwa nguvu mbili. Ya asilimia 0.5 ni ya damu, sakafu, meza ya upasuaji, vyombo kabla ya kusuguliwa, buti. Ya asilimia 0.05 ni ya mikono, pale tu ambapo hakuna sabuni na maji wala dawa ya mikono yenye alkoholi. Ukiwa na klorini ya unga, soma lebo kwanza. Ikiwa ni ya asilimia 70, weka gramu 7 kwa lita, yaani gramu 140 kwa bidoni la lita 20. Ikiwa ni ya 65, ongeza kidogo, karibu gramu 155. Koroga kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, acha nusu saa masimbi yatue chini, kisha chota maji ya juu. Ya mikono usiipime upya: chukua kipimo kimoja cha ile kali, ongeza tisa vya maji. Ukiwa na javeli, yaani klorini ya maji, ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa tisa kinakupa 0.5 moja kwa moja. Javeli ya sokoni iliyomwagwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo, fulieni nguo nyeupe. Kwenye damu usiiamini, hujui imechanganywa mara ngapi.

Inaharibika kwa njia nne, na zote tunazijua kwenye vituo vyetu. Jua: bidoni likiachwa uani, jioni ni maji tu. Muda: iliyochanganywa jana imwagwe, hata kama inanuka. Chuma: ndoo ya bati inakula klorini, na klorini inakula ndoo. Ya nne ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni uchafu wenyewe. Damu, matapishi na hata maji ya ziwa yaliyochotwa yakiwa na tope huimaliza nguvu klorini kabla haijakifikia kirusi. Kwa hiyo bwawa la damu sakafuni halimwagiwi tu na kupigwa deki. Lifunike kwa kitambaa kinachonyonya, mwagia ya 0.5 juu yake, subiri dakika 15, ondoa kitambaa na kukitupa kwenye mfuko wa taka za hatari, osha kwa sabuni, kisha pitisha 0.5 tena. Usichanganye na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, utatoa moshi wa kukuua wewe kabla ya mgonjwa. Na usimpulizie mtu mwilini. Tuliona hilo likifanywa kwenye vizuizi, halikuua kirusi chochote, liliunguza macho.

Vyombo vya upasuaji: vilowekwe kwanza, visuguliwe vikiwa chini ya maji ili brashi isirushe matone, na anayesugua awe na miwani, barakoa, aproni na glavu nene za jikoni. Halafu vikaushwe, vifungwe, viingie otoklavi, chungu cha kutakasa kwa mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 30, mkihesabu tangu joto lifike, si tangu mkaa uwashwe. Kuchemsha kwenye sufuria si kutakasa kwa upasuaji. Yambuku mwaka 1976 kituo kilianza siku na sindano tano, zikisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Masista wa pale nao walikuwa watu wa sala.

Kuvua mavazi ya kinga ni kugumu kuliko kuyavaa, kwa sababu unapovua umechoka na nje yako yote ni chafu. Hapa Goma baridi ya asubuhi inafanya miwani ijae ukungu upesi, na mkono unakimbilia usoni wenyewe. Usivue peke yako. Awepo mwenzako mbele yako, asiyekugusa, anayekutajia kila hatua kwa sauti. Osha mikono ukiwa na glavu. Vua aproni ukiinama mbele. Osha. Vua glavu za nje. Osha. Kofia, kisha gauni au ovaroli, ukiiviringisha ndani nje hadi miguuni. Osha. Miwani, ukishika mkanda nyuma ya kichwa huku umefumba macho. Osha. Barakoa, mkanda wa chini kwanza, kutoka nyuma. Osha. Buti. Glavu za ndani mwisho. Osha mikono mitupu kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60. Anayesema haya ni marefu ahesabu siku za karantini.

Jambo la mwisho ni mlango wa bloku. Yule fundi wa maabara alipasuliwa kwa sababu hapakuwa na njia ya kujua. Leo mashine ya kupimia ya GeneXpert ikiwepo karibu hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi. Mgonjwa wa homa anayetoka damu, au aliyetoka mahali penye mlipuko, au aliyezika mtu karibuni, aulizwe maswali hayo langoni na yaandikwe kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu, kabla hajapandishwa mezani. Muuguzi ana haki ya kumwambia daktari, "Daktari, tusubiri jibu." Daktari atakayekasirika atakasirika.

Ukichomwa na sindano, hata iwe ya mgonjwa unayemwamini: acha kazi hapo hapo, vua glavu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikikamue, usikinyonye, toa taarifa saa hiyo hiyo. Kinga ya ukimwi ianze mapema, isipite saa 72. Kukiwa na shaka ya Ebola, jina lako liandikwe na upimwe joto asubuhi na jioni kwa siku 21. Usifiche kwa kuogopa kusemwa. Wakuu wa vituo, mliopo hapa, mkimtukana anayetoa taarifa, wa pili hatakuja.

Mazoezi ya kuvua yataanza saa nane, uwanjani nyuma ya ukumbi, watatu watatu. Tumeweka rangi nyekundu kwenye maji badala ya damu, ili kila mmoja aone mahali alipojigusa. Vueni pete na saa, kateni kucha. Mama wa usafi mtatangulia, kisha wanafunzi. Mizani ya klorini ipo mezani kwa padri. Kila kituo kiondoke na kikombe chake kilichopimwa na kuchorwa mstari wa gramu 140.